Mlango Ulio Ng'ambo ya Barabara

Kuna nyumba ya wageni katika kaunti ya Hampshire, kusini mwa Uingereza, ambayo mlango wake unatazama kilima. Si kilima cha kumkata mtu pumzi. Ni mgongo mpana wa ardhi ya chokaa, uliovaa nyasi fupi, upepo ukiuvuka bila kuulizwa. Nyumba inaitwa Bat and Ball, yaani Gongo na Mpira. Kilima kinaitwa Broadhalfpenny Down, na baadhi ya wajuzi wa majina hueleza kwamba jina hilo latokana na ushuru mdogo wa nusu peni uliolipwa na wachuuzi waliotandaza meza zao siku za gulio. Kati ya mlango na nyasi inapita barabara. Kijiji chenyewe, Hambledon, hakipo hapo. Kiko bondeni, mwendo wa maili mbili hivi.

Mlango, barabara, nyasi. Mpangilio huo wa vitu vitatu ndio ninaotaka kuuhakiki, kwa makini yaleyale tunayoyatumia kuhakiki shairi. Uwanja wa michezo nao umetungwa. Kuna aliyeamua nini kipimwe na nini kiachwe, nani akae wapi, jicho lianzie upande gani. Na uwanja wa Hambledon una utunzi ambao wanahistoria wa kriketi wameusimulia sana bila kuusoma. Wao huishia kwenye muujiza: kijiji kidogo kilichoitia adabu nchi nzima.

Muujiza wenyewe nautaja kwa haraka. Klabu ya Hambledon ilivuma kuanzia miaka ya 1760 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1790. Mwezi Juni 1777, katika uwanja wa Vine mjini Sevenoaks, wachezaji wake waliikabili timu iliyoitwa England. England wakapata mikimbio 166, kisha 69. Hambledon, kwa zamu moja tu ya kupiga, wakapata 403, na kati ya hiyo James Aylward peke yake alipata 167. Ushindi ulikuwa wa zamu nzima na mikimbio 168. Ila ni vizuri ieleweke kwamba klabu hiyo iliendeshwa na waungwana wenye fedha, wakawakusanya mafundi na wakulima hodari kutoka Hampshire na kaunti jirani, na wakaweka dau kubwa juu ya kila mechi. Kijiji kilitoa jina na kilima. Kwa msomaji wa umbo, kilima ndicho chenye habari.

Tuanze katikati. Sheria za kriketi zilizoandikwa mwaka 1744 zinaweka wiketi mbili zikitazamana kwa umbali wa yadi 22, mita 20 na kidogo. Kipimo hicho kilikuwa cha wapima ardhi kabla ya kuwa cha wachezaji: ni urefu wa mnyororo uliosanifiwa na Edmund Gunter mwaka 1620, ambao ulitumika kugawa mashamba na kuandika mipaka ya viwanja vya watu. Kwa hiyo moyo wa mchezo huu ni kipimo cha shamba kilicholazwa juu ya nyasi. Urefu wa vijiti vya wiketi nao ukawekwa, inchi 22, na kile kijiti kilicholala juu yao kikapewa inchi 6. Uzito wa mpira ukatajwa. Karibu kila kitu cha katikati kina namba yake.

Mtu aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili hapati taabu kulitambua umbo hili. Mshororo wetu una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane huku na nane kule, kila kipande kikitua kwenye kina chake. Uzuri wa mshororo haukai katika kipande kimoja. Unakaa pale pumzi inapogeuka, kwenye kivuko cha kati. Wiketi mbili za kriketi zimekaa hivyohivyo: vina viwili vinavyoitikiana, na mchezo wote ni safari ya kwenda na kurudi baina yao. Mpigaji anayepata mkimbio mmoja amefika tu utaoni. Lazima kuwe na mwenzake anayekuja ukwapini wakati huohuo, wapishane njiani, la sivyo hesabu haipo.

Zama za Hambledon, mrushaji alirusha mipira minne kutoka upande mmoja, kisha mwenzake akarusha minne kutoka upande wa pili. Minne huku, minne kule: tarbia ikiandamwa na tarbia. Mwaka 1889 Uingereza iliongeza mpira wa tano, na mwaka 1900 wa sita. Mshairi angesema mchezo ulitoka kwenye tarbia, ukapitia takhmisa, ukafika tasdisa. Idadi ya mishororo ilibadilika. Kugeuka upande hakukuguswa, na hakujaguswa hadi leo. Hapo naona mahali ambapo umbo linajitenga na desturi: desturi unaweza kuiongeza moja ukaendelea, lakini ukikuondoa kule kugeuka upande kwa upande, kriketi inakwisha, kama shairi la arudhi linavyokwisha ukilinyang'anya kituo cha kati.

Matukio mawili ya Hambledon yanaonyesha jinsi katikati hiyo ilivyokuwa ikilindwa, na nayapa nafasi kwa sababu ni darasa la umbo kuliko kanuni yoyote ya kitabuni.

La kwanza ni la Septemba 1771. Hambledon walikuwa wakicheza na Chertsey, na mchezaji mmoja aliyeitwa White akaingia na gongo pana kama wiketi yenyewe. Hakuna sheria iliyomkataza. Gongo lilikuwa na haki ya kuwa na upana wowote, na yeye akaitumia haki hiyo hadi mwisho wake. Mpira haukuwa na pa kupita. Mwezi huohuo watu wa Hambledon waliandika azimio kwamba upana wa gongo usizidi inchi nne na robo, na klabu ikatengeneza kipimo cha chuma cha kupitishia magongo yaliyotiliwa shaka. Zimepita zaidi ya karne mbili na nusu, na kipimo hichohicho, sentimita 10.8, bado ndicho sheria ya dunia nzima.

La pili ni la Mei 1775, katika uwanja wa Artillery Ground jijini London. Wiketi ya wakati huo ilikuwa na vijiti viwili tu, na kati yao uwazi. John Small wa Hambledon alikuwa mpigaji wa mwisho, timu yake ikihitaji mikimbio 14. Mrushaji aliyemkabili alikuwa Edward Stevens, ambaye watu walimwita Lumpy. Mara tatu Lumpy alimshinda Small kabisa, na mara tatu mpira ukapenya katikati ya vijiti viwili bila kugusa chochote. Small akabaki, akazipata zile 14, Hambledon wakashinda. Waliotazama waliona kwamba mrushaji alikuwa amedhulumiwa na umbo lenyewe, na kijiti cha tatu kikaongezwa.

Haya mawili husimuliwa kama visa vya ujanja na bahati. Nikiyasoma pamoja naona yanapingana kwa namna yenye maana. Kosa la White lilikuwa kujaza: alifanya kama mtunzi anayesukuma maneno ukwapini mpaka kina kikose pa kutokea. Kosa la wiketi ya vijiti viwili lilikuwa uwazi: kina kilipaswa kusikika, mpira umetua pale hasa, na hakuna sauti. Dawa ya kosa la kwanza ilikuwa kupunguza mbao, na ya pili ilikuwa kuongeza mbao. Zote mbili zilifanyika ndani ya inchi chache zilezile. Na jambo linalonifanya niwaheshimu watu wale ni kwamba katika kisa cha pili, kasoro ya umbo ilikuwa imewapa wao ushindi.

Sasa toka katikati, tembea kuelekea pembeni, na sheria inanyamaza. Zile za 1744 hazikutaja umbo la uwanja. Hazikusema uwe duara au mraba, uwe bapa au wa mteremko, uishie wapi. Ule mstari wa mpaka ambao siku hizi humpa mpigaji mikimbio minne bila kukimbia ulikuja baadaye, katika karne ya 19. Juu ya Broadhalfpenny, mkimbio ulikuwa mkimbio kweli: mpira ulipigwa, ukabiringika juu ya chokaa na nyasi, na wapigaji wakakimbia hadi mtu aurudishe. Mchezo uliisha pale miguu au pumzi ilipoisha.

Hapa ulinganifu wangu na shairi la arudhi unafika ukingoni, na naufurahia ukingo huo. Shairi letu linafungwa pande zote: lina mizani, vina, idadi ya mishororo, na kimalizio. Uwanja wa Hambledon unafunga katikati kwa namba na kuacha pembe zote kwa kilima. Wingi wa sheria hapa, ukimya kamili pale. Hakuna mchezo mwingine mkubwa ninaoujua wenye tofauti kali namna hiyo kati ya kiini chake na kingo zake. Mpira wa miguu umechora pande nne na kuzipima. Kriketi ilipima yadi 22 na kuiachia dunia sehemu iliyobaki. Mtazamaji wa Hambledon kwa hiyo hakuwa nje ya uwanja, maana hapakuwa na nje. Alisimama mahali ambapo palikuwa uwanja hadi aliposimama yeye.

Na nani anaandika? Mwanzoni waandishi wa mchezo hawakuhitaji kalamu. Mtunza hesabu alikata pengo kwenye kijiti kwa kila mkimbio, akitofautisha mapengo fulani ili hesabu isomeke upesi. Kuanzia mwaka 1772 tunazo karatasi za mechi kubwa za Hambledon zenye majina na namba. Mechi ya Juni mwaka huo ilichezwa palepale Broadhalfpenny, na karatasi yake inamwonyesha John Small akipata mikimbio 78. Karatasi ya namna hii nayo ina umbo, na umbo lake lina upofu. Mpigaji anaandikwa jina, namna alivyotolewa, na hesabu yake. Mrushaji anatajwa pale tu mpira wake ulipoangusha wiketi. Mpigaji akidakwa, huandikwa aliyedaka, na aliyerusha mpira uliomdanganya mpigaji hatajwi. Basi ukisoma karatasi peke yake, warushaji wakubwa wa Hambledon wanaonekana kama watu waliopita kwa mbali. David Harris, mfinyanzi aliyerusha mpira kwa mkono wa chini na kuufanya uruke kutoka ardhini hadi vidole vya mpigaji vipondeke kwenye gongo, anapungua nusu ya kimo chake. Kumbuka jina la Harris. Nitalirudia, kwa kuwa kuna kitabu kilichomrudishia alichonyimwa na karatasi.

Kwanza lakini banda. Katika karibu kila uwanja wa kriketi wa kijiji cha Kiingereza leo kuna pavilioni: nyumba ndogo, mara nyingi ya mbao, yenye baraza mbele, saa au ubao wa hesabu, na chumba cha kunywea chai. Neno lenyewe limesafiri kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, na mwanzo wake ni kipepeo, kwa kuwa hema lililotandazwa lilifanana na mbawa. Jengo hili dogo hufanya kazi tano kwa pamoja. Linamhifadhi anayengoja zamu. Linampokea aliyetolewa. Linalisha. Linaandika. Na linatunza yaliyoandikwa.

Juu ya Broadhalfpenny kazi hizo zilikuwa ng'ambo ya barabara, katika Bat and Ball, na mwenye nyumba hiyo alikuwa Richard Nyren, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha wa Hambledon. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Mtu mmoja alikuwa mwenyeji na nahodha. Asubuhi anahakikisha bia na nyama viko tayari. Mchana yuko katikati ya zile yadi 22 akiwapanga wenzake. Jioni amerudi kuwahudumia walioshinda na walioshindwa. Umoja ambao usanifu wa baadaye uliutafuta kwa kuta na paa, Hambledon waliupata kwa mtu anayevuka barabara.

Watu wa Lamu na Unguja tuna neno la karibu zaidi kuliko walilo nalo Waingereza wenyewe. Nyumba ile ilikuwa baraza. Baraza ni benchi la mawe lililoshikana na nyumba lakini limo njiani. Aliyeketi hapo hayuko ndani wala hajatoka, anampokea mgeni bila kumwingiza, anausema mtaa huku mtaa ukimsikia. Mlango wa Bat and Ball ulikuwa hivyo kwa uwanja. Barabara iliyoko katikati haikuwatenga. Iliwapa watu kitu cha kuvuka, na kila aliyevuka alibadilika kutoka mchezaji kuwa msimulizi au kutoka msimulizi kuwa mchezaji.

Husimuliwa juu ya Harris kwamba jongo lilipomzidi miguuni katika miaka yake ya mwisho ya kucheza, aliletewa kiti uwanjani, akirusha mpira wake kisha anaketi hadi zamu irudi. Katika simulizi zote za Hambledon sijaona picha ninayoipenda kuliko hiyo. Kiti ni kitu cha pavilioni. Mahali pake ni ng'ambo. Lakini uwanja usio na mpaka hauna njia ya kukikataa kiti, na kilipohitajika kiliingia mpaka mahali penye sheria kali kuliko pote. Mchezo ulimpokea mgonjwa wake bila kubadili hata inchi moja ya vipimo.

Umbo hilo halikudumu. Kilima kilikuwa na baridi na kilikuwa mbali, na yapata mwaka 1782 klabu ikahamia Windmill Down, karibu zaidi na kijiji. Nyren naye alikuja kushika nyumba ya wageni ya George pale kijijini. Waungwana wa klabu walikuwa na nyumba zao London pia, na wengi wao walianza kuona kwamba mchezo unaweza kuwafuata huko. Mwaka 1787 Thomas Lord alifungua uwanja wake wa kwanza mahali ambapo leo pana Dorset Square, kwa ajili ya kundi hilohilo la watu wakubwa, na Marylebone Cricket Club ikazaliwa. Lord aliuzungushia uwanja ua na kuwatoza watu kiingilio. Alipolazimika kuhama alichimbua nyasi zake na kwenda kuzitandaza upya mahali papya. Huku Hambledon, kumbukumbu za mkutano wa Septemba 1796 zinaeleza kwamba hakuna muungwana aliyehudhuria, na huo ndio ukurasa wa mwisho.

Wanahistoria husema kitovu cha kriketi kilihama. Kwa mtazamo wa umbo, kilichotokea ni kikubwa kuliko kuhama. Ua wa Lord ulikuwa mpaka wenye maana kamili: sasa kuna ndani na kuna nje, na nje kunalipa ili kuingia ndani. Pamoja na ua likaja banda lenye wanachama. Kazi zile tano zilizokuwa mikononi mwa mwenye nyumba ya wageni zikawekwa chini ya paa moja na mlango wa kulindwa. Kisha, usiku wa tarehe 28 Julai 1825, pavilioni ya Lord's iliungua, na ndani yake zikateketea kumbukumbu za klabu na karatasi za mechi za miaka mingi. Banda lililojengwa litunze halikutunza.

Miaka minane baadaye kilichapishwa kitabu. The Young Cricketer's Tutor cha John Nyren, mwana wa Richard, kilitoka London mwaka 1833. Nyren alizaliwa Hambledon Desemba 1764. Alikuwa mpenda muziki, na maisha yake ya utu uzima yalimleta karibu na watu kama mwanamuziki Vincent Novello na mwandishi Charles Cowden Clarke, aliyekuwa rafiki wa mshairi John Keats. Clarke ndiye aliyeyakusanya maneno yake na kuyahariri.

Kitabu hiki kina sehemu mbili zisizofanana, na wengi hukisoma kama vitabu viwili vilivyoshonwa kwa uzi mmoja. Ya kwanza ni mafunzo: simama hivi, shika gongo hivi, mpira ukija hivi fanya vile. Sentensi ni fupi na zinaamuru. Ya pili ni kumbukumbu za wachezaji aliowajua, picha baada ya picha. Mimi nashikilia kwamba ni kitabu kimoja, na kwamba kimejengwa kama uwanja wa Broadhalfpenny. Kuna katikati iliyopimwa kwa inchi, kisha kuna kumbukumbu isiyo na kamba ya mpaka. Nyren anapomchora mchezaji, huanza na mwili wake, akaja kwenye uchezaji, akaingia kwenye tabia, na wewe msomaji unadhani picha imetimia. Hapo ndipo mpira unapopigwa ukabiringika. John Small, yule wa vijiti viwili, alikuwa pia mpiga fidla, na Nyren anasimulia jinsi alivyokuwa akikatisha malisho akafuatwa na fahali, akasimama akapiga fidla mpaka mnyama akatulia. Noah Mann alikuwa akipanda farasi maili 20 kutoka Sussex kuja kufanya mazoezi siku za Jumanne, na maili 20 kurudi. Kisa cha fahali hakina kazi yoyote katika kufundisha kriketi. Kimo kwa sababu umbo linakiruhusu kuwemo.

Na Harris. Karatasi za mechi zilikuwa zimemnyima yale madakwa yote aliyoyaandaa. Nyren anampa kurasa, anaeleza msimamo wake kabla ya kurusha, mkono ulivyopanda chini ya kwapa, mpira ulivyoinuka kutoka ardhini. Prozi inafanya hesabu ambayo jedwali lilishindwa kuifanya. Nikitafuta sababu ya kitabu hiki kuendelea kusomwa, naiona hapo zaidi kuliko katika sifa zake za bia na nyama, ambazo wachapishaji wa makusanyo wamezinukuu hadi zimechakaa.

Kuna mahali ambapo mkono wa Clarke unasikika, sentensi zikivaa nguo za jijini na marejeo ya mtu aliyesoma sana. Wapo wanaosema basi kitabu si cha Nyren. Hawajasikiliza kimo cha macho yake. Hambledon walipoibwaga England mwaka 1777, John Nyren alikuwa na umri wa miaka 12. Watu anaowasifu wote wamechorwa kutoka chini kwenda juu: mabega kwanza, sauti zikitoka mbali, baba yake mkubwa kuliko wote. Huo ni mtazamo wa mtoto aliyesimama pembeni ya uwanja usio na pembe, mgongo wake ukiuelekea mlango wa nyumbani kwao. Clarke, mtu wa shule na maktaba, hakuwa na mlango huo wa kuazima.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliupokea mchezo huu katika umbo lake la Lord's, ukiwa na ua. Nairobi ya kikoloni ilikuwa na viwanja ambavyo banda lilikuwa ndilo jambo la kwanza, na orodha ya wanachama ndiyo iliyoamua rangi na dini ya mtu anayeketi barazani: Wagoa na Gymkhana yao, Waislamu na Sir Ali Muslim Club, Masingasinga na Sikh Union, Wazungu na vilabu vyao. Mwafrika aliutazama mchezo kutoka upande wa pili wa ua. Naukumbuka ua huo kila ninapofikiria tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilipoifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Nairobi Gymkhana, kombe la dunia, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Watu walimiminika ndani ya nyasi. Kwa jioni moja uwanja ule haukuwa na kingo.

Broadhalfpenny yenyewe, baada ya klabu kuhama, ilirudi kuwa ardhi ya kilimo. Mwaka 1908 jiwe la matale lilisimamishwa pembeni yake, mkabala na nyumba ya wageni, na mechi ya kumbukumbu ikachezwa. Naelewa upendo uliolileta jiwe lile. Lakini kama mstari ulioongezwa kwenye utungo wa kale, limeandikwa kwa sauti nzito kupita inavyohitajika. Linataka kusema ni hapa, kwenye mahali ambapo uzuri wake wote ulikuwa kutokusema ni wapi panaishia.

Klabu ya kijiji sasa inacheza Ridge Meadow, uwanja mwingine. Juu ya kilima kriketi imerudi pia, na siku za kiangazi yadi 22 hupimwa tena palepale kwenye upepo. Wachezaji wana banda lao upande wa nyasi, hawahitaji kwenda mbali kungoja zamu. Mlango wa Bat and Ball bado unatazama kilima, na mechi ikiisha, barabara ni ileile ya kuvuka.